Tangi la Mama Dilipu

Asubuhi niliyoondoka Bugarama sikuwa nimepanga kuondoka. Nilitoka kwenda kuteka maji, nikakuta lori la pamba limesimama kando ya barabara likibadilishwa gurudumu, nikamuuliza utingo linakwenda wapi. Akasema Shinyanga. Nikamuuliza Shinyanga kuna nini. Akajifuta grisi mikononi, akacheka. "Kuna maduka, dada. Na nyuma ya maduka kuna maduka mengine." Nilimpa binti wa jirani ndoo yangu airudishe, nikapanda juu ya pamba. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na habari za nyumbani nitaziruka kwa sababu hazina jambo ambalo hamjalisikia kwingine. Ugonjwa wangu ulikuwa mmoja tu: nikiona barabara nataka kujua inaishia wapi, na nikiona mlango umefungwa nataka kujua ndani kunapikwa nini.

Niliikumbuka asubuhi hiyo mwezi uliopita, nikiwa nimesimama Shinyanga mjini mbele ya kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati. Mzee Masanja, fundi cherehani, alikuwa amenipigia simu: "Kabula, kama unataka kuliona tangi, njoo wiki hii." Nilichelewa siku mbili. Nilimkuta na cherehani yake kwenye baraza la duka jirani, macho yamefifia, sindano anatungiwa uzi na mjukuu. Hata sikumaliza shikamoo. "Walilivunja Jumanne," akasema. "Lilikataa, mwanangu. Walianza asubuhi na nyundo, mchana wakaenda kutafuta mashine." Alisema kwa majivuno, kama mtu anayesimulia jinsi ndugu yake alivyopigana kabla ya kuanguka. Kisha akanyoosha mkono. "Kikombe bado unacho?" Nikakitoa kwenye mkoba nikamwekea kiganjani. Akakipapasa ukingo wake kwa kidole gumba, akakizungusha mara moja, akanirudishia.

Vijana wa leo wanafungua bomba linalotoa maji ya ziwa na hawajui Shinyanga ile niliyoshuka mimi. Maji yalikuwa ya bwawa, yakija siku moja na kukatika siku nne, na jua la kule halikuwa na mzaha. Barabara ya maduka ilikuwa na nyumba ndefu za ghorofa moja, mabaraza mbele, tarehe na majina ya wenyewe yamechongwa juu ya milango kwa maandishi ambayo sikuyajua. Baba zao walikuja kutoka Uhindini kwa kuifuata reli na pamba. Walinunua pamba, wakauza khanga, chumvi, majembe na mafuta ya taa, na kila familia, mzee wake akifa, ilitoa kitu cha mji. Ndiyo iliyokuwa desturi yao, na ilinichukua muda kuielewa, kwa sababu hakuna aliyeitangaza. Mmoja aliacha mabenchi ya hospitali. Mwingine aliacha chumba cha vitabu juu ya duka la vitambaa, ambako mtu yeyote aliweza kuingia akasoma, mradi avue viatu. Mwingine saa ya ukutani pale karibu na stesheni, ambayo wakati wangu ilikuwa imesimama saa tisa kasoro lakini watu bado waliitazama. Na familia ya Mama Dilipu ilitoa tangi.

Lilikuwa tangi la mawe na saruji, refu kupita mtu, pembeni mwa duka. Lilipokea maji ya mvua kutoka kwenye bati lote la nyumba, na mvua zikikatika lilijazwa kwa boza la maji. Mbele lilikuwa na mabomba mawili, benchi la saruji, na rafu ya vikombe vya bati. Nilishuka kwenye lori koo limekauka kama gunzi, nikanywa vikombe vitatu, halafu nikaanza kuuliza. Nani analijaza? Kwa nini bure? Vikombe haviibwi? Masanja, aliyekuwa mtu wa makamo wakati huo na cherehani yake hatua mbili kutoka bombani, alinijibu mpaka akachoka. "Wewe ni polisi au ni mwandishi?" akaniuliza. "Unaitwa nani?" Nikamwambia Kabula. Akaacha kukanyaga cherehani. "Kabula, mtoto wa mvua! Na mwaka huu mawingu yamesusa. Mbona umekuja mikono mitupu?" Kutoka dirisha la nondo juu yetu sauti ya mwanamke mzee ikasema kwa Kisukuma safi, safi kuliko cha kwangu cha mpakani mwa Usukuma, "Huyo mwenye maswali mengi, mwambie apande. Anayeuliza vikombe haviibwi anaweza kuvilinda."

Nilidhani nitamkuta Msukuma. Nilimkuta bibi wa Kihindi, mdogo wa umbo, sari nyeupe ya ujane, miguu peku, anapeta dengu kwenye ungo. Mji ulimwita Mama Dilipu. Nyumbani walimwita Ba, yaani mama, na mimi nikaingia humo humo. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi, lakini Kisukuma alikinywa utotoni kutoka kwa wakulima waliolala barazani kwa baba yake wakisubiri pamba ipimwe. Alinipa chumba cha uani chenye dirisha dogo, kitanda cha kamba na harufu ya magunia ya mchele. Kazi yangu ilikuwa vikombe, rafu, kufagia pale bombani, na kumsaidia jikoni. Jikoni kwake! Viatu nje, mikono kunawa, haradali ikirukaruka kwenye mafuta ya moto, chapati nyembamba unaweza kuona jua ng'ambo ya pili, mtindi uliopikwa na unga wa dengu, achari ya ndimu iliyonifanya nifumbe jicho moja. Nyama haikuingia. Lakini mke wa Masanja alipoleta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, Ba alikuwa akiisubiri kama mtoto. Aliila na karanga, akiwa amekaa kwenye ngazi ya uani, akisema kwamba Mungu alipoumba viazi alikuwa anafikiria michembe.

Wiki ya pili nilifanya kosa. Ba alikuwa amekaa na homa ya jua, akaniomba maji. Nilichukua kikombe cha shaba kwenye rafu ya jikoni, kile alichokisugua mwenyewe kila siku, nikakijaza, nikapiga funda moja, nikamkabidhi kwa mikono miwili huku nimepiga goti. Nilifanya kama nilivyofunzwa. Kwetu anayempa mtu kinywaji huonja kwanza; kumpa mtu mzima kikombe ambacho hujakigusa mdomo ni kama kumwambia ajue mwenyewe kilichomo. Ba alikitazama kile kikombe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikiweka chini taratibu, akainuka na homa yake, akachukua kingine, akajichotea, akanywa kwa kumimina kutoka juu bila ukingo kugusa midomo. Kikombe changu kikawekwa dirishani pa chumba cha uani, peke yake. Tangu siku hiyo kiliitwa kikombe cha Kabula. Nilipomweleza Masanja akapiga kelele. "Yesu wangu! Umemnywesha mate! Hawa hawanywi mdomo wa mtu, hata wa mtoto wao." Nilikaa siku tatu nikisubiri kufukuzwa. Sikufukuzwa. Ila kila nilipokiona kile kikombe dirishani kiling'aa kama jicho.

Mvua za mwaka ule zilikataa kweli. Mji ulijaa vumbi na ng'ombe waliokonda, na foleni ya bombani kwa Ba ilianza kabla jua halijatoka. Nilipenda kukaa pale benchini. Ndipo niliposoma shule niliyoiacha: wachuuzi wa vitunguu wakibishana habari za Kahama, wachimbaji waliotoka Geita wakionyeshana kwa vidole ukubwa wa jiwe ambalo siku zote lilikuwa limeokotwa na rafiki yao, wake za wenye maduka wakisutana kwa Kihindi na kupatana kwa Kisukuma. Na mimi, mwenye ulimi wa kulipa habari kwa habari, nikatoa ya kwangu. Nilikuwa nimeona kila alfajiri Ba akipanda ngazi ya nyuma ya tangi, akifunua mfuniko, akidondosha majani machache na kunong'ona. Nikaisimulia benchini kama jambo tamu la ajabu. "Majani gani?" akauliza mama mmoja wa vitunguu. "Sijui. Yananukia kama kivumbasi." "Na anasema nini?" "Anasema polepole. Maneno mengi. Kila siku yaleyale." Nakumbuka yule mama alikitazama kikombe alichoshika, akamwaga yaliyobaki.

Kwa watu wetu haikuhitaji maelezo zaidi. Majani, maneno, alfajiri, duka. Ndani ya wiki moja mji mzima ulijua kwamba Mhindi anatia dawa ya kuvuta wateja, na kwamba ukinywa pale miguu yako haitajua tena njia ya duka jingine. Foleni ikakatika. Watu walivuka barabara na kupita upande wa pili. Siku moja mtoto mdogo alimponyoka baba yake akakimbilia bombani. Baba alimkamata mkono, akamvuta, na mtoto aliondoka akilia huku anageuka nyuma. Ba alikuwa dirishani. Hata Masanja! Nilimkuta akinyanyua chupa ya soda iliyojaa maji kutoka chini ya cherehani. Aliponiona akaisukuma kwa mguu. "Na wewe, Baba Limi?" nikamwambia, nikimwita kwa jina la mtoto wake. "Miaka yote hiyo umekunywa hapa." Akainamia kitambaa chake. "Siamini mimi. Lakini mke wangu anauliza kwa nini sijawahi kuhama baraza hili, na jibu sina."

Jioni ile nilikuwa napanga vyombo nikasikia Ba na mwanawe Dilipu wakizungumza sebuleni. Dilipu alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo na kalamu sikioni, na alichanganya Kiswahili kila alipotaka neno likae. "Ba, watu hawanywi. Boza linakuja, maji yanakaa. Acha nivunje, hapo tupate fremu tatu za maduka." Ba akajibu kwa lugha yao, maneno machache. Mke wa Dilipu, aliyekuwa ananipangusia sahani, alinitafsiria kwa mnong'ono bila kuinua uso. "Anasema mumewe alipokuwa anakufa alisema hivi: siku mtu atakapofika hapa na kiu akaondoka na kiu, mimi nitakuwa nimekufa mara ya pili." Kisha Dilipu akasema kwa Kiswahili, kwa upole ulioumiza, "Lakini Ba, ndivyo wanavyoondoka sasa. Mnada huu ukipita hivi, naleta mafundi."

Mnada wa ng'ombe ulikuwa baada ya siku mbili. Nilikwenda kwake asubuhi iliyofuata akiwa anasaga viungo, nikapiga goti, nikamwambia ni mimi. Niliyasema yote: majani, benchi, mama wa vitunguu. Jiwe la kusagia liliendelea kwenda na kurudi. Mwishowe akauliza, "Ulisema uongo?"

"Hapana, Ba."

"Uliona, ukasema. Kosa lako umesema nusu." Akasaga kidogo. "Ile siku ya homa, ulikunywa maji yangu. Kwa nini?"

Ilikuwa miezi mitano imepita na hakuwahi kuuliza. Nikamwambia kwetu mtoaji huonja kwanza. Nikamwambia asiyeonja anaficha. Jiwe likasimama. Akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo la utotoni, "Walikuwa wanafanya. Pale barazani kwa baba. Mtungi wa pombe, mwenye mtungi kwanza. Niliona, sikuuliza. Mimi pia najua nusu."

Siku ya mnada, mchana, barabara imejaa watu na ng'ombe, Mama Dilipu alitoka nje. Tangu awe mjane alikuwa mtu wa dirishani. Wenye maduka jirani walitoka kumtazama. Alikuja peku, kopo lenye mche wa yale majani mkononi, akasimama bombani. "Kabula," akasema, "lete kikombe chako." Nilikimbia uani. Nilipokileta, kwenye mlango wa duka nilimwona Dilipu amevua kalamu sikioni.

Alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya ghala. Aliwaamkia kwanza, mwangaluka, na wakubwa kwa wadogo wakaitikia hata kabla hawajaamua kama wanataka. Alisema majani ni haya, yanapandwa kila ua wa kwao, ni ya kuombea. Akachuma moja akalitafuna. "Na maneno," akasema, "mnataka maneno. Nitayasema kwa sauti, mara moja, kwa sababu nimechoka kuyasema na tangi." Akataja jina la mume wake. Kisha akaanza kutaja watu waliochimba msingi na kubeba mawe. Yalikuwa majina ya kwetu, moja baada ya jingine, Kulwa, Maganga, Nkwabi, na alipofika la nne, Masanja alisimama akiwa bado na kitambaa begani. Lilikuwa jina la baba yake. Baba ambaye Masanja alimzika yeye mwenyewe hajaota ndevu, wala hakujua kwamba kuna mtu mwingine duniani bado anamtaja kila kunapokucha.

Ba akajaza kikombe changu. Akakiinua. Nilidhani atamimina kutoka juu, kama siku zote. Akaweka ukingo mdomoni, kikombe kile kile, mbele ya wake wa wenye maduka na mbele ya mwanawe, akanywa funda moja, akakinyoosha mbele kwa mikono miwili. Masanja alipita kati ya watu, akapiga goti kwa yule mwanamke aliyemwita Mhindi kwa miaka yote hiyo, akanywa mpaka chini. "Wabeja," akasema, yaani ahsante. Aliyemfuata ni mama wa vitunguu, akisukuma watu kwa kiwiko na kulalamika kwamba koo lake limeteseka wiki nzima bure. Dilipu alirudi ndani. Habari za fremu hazikusemwa tena mle ndani mpaka nilipoondoka.

Sitaki kuipamba siku ile kuliko ilivyokuwa. Ba alipopanda juu aliniomba maji ya kuoga, na nilipompelekea ndoo alioga kwa muda mrefu, na siku iliyofuata hakula kitu. Nilikaa nje ya mlango wake nikiwa na uchungu. Nilimuuliza kama amejutia. "Kujuta hapana," akasema. "Kuoga ni kwangu na Mungu. Kunywa ilikuwa kwangu na ninyi." Nimekaa na watu wengi tangu wakati huo, wa dini zote na wasio na yoyote, na nimewasikia wakisema mengi kuhusu kuishi pamoja. Kwangu mimi neno hilo lina sura ya ndoo mlangoni. Kilichomgharimu nilikibeba mimi kwa mikono yangu, na kilikuwa kizito.

Mvua zilipokuja zilikuja usahaulifu wote umezitoka, tangi likafurika mpaka barabarani, na watu walinipigia makofi nilipopita kana kwamba nilikuwa nimezileta. Na miguu yangu ikaanza kuniwasha. Wachimbaji wa benchini walikuwa wamenijaza Katoro masikioni: mji uliokuwa unaota kama uyoga, dhahabu, soko lisilojua Jumapili. Asubuhi moja nilifunga nguo zangu kwenye khanga. Ba hakushangaa. Alichukua kikombe dirishani akakifunga humo humo. Nikamwambia ni cha nyumba, akirudishe rafuni. "Kingesuguliwa kwa majivu na ukwaju, siku ileile kingerudi rafuni," akasema. "Sikutaka. Nyumba ikiwa na kikombe cha mtu, huyo si mgeni." Mwaka mzima nilikuwa nimekisoma vibaya kile kikombe.

Nilifika Katoro alasiri, vumbi jekundu, nyundo za mabati kila upande, nyumba ambazo jana hazikuwepo. Nilipata chumba kwa mwanamke Msumbwa mwenye kilemba cha njano, Mama Shija, safu ya vyumba sita vilivyotazama njia ya kwenda machimboni. Akanionyesha msumari wa kutundikia nguo na mahali pa kuwekea jiko. Nikamuuliza wapita njia wanakunywa wapi. "Wapita njia gani?" "Hao." Wachimbaji walikuwa wanapita, weupe kwa unga wa mawe toka kichwani mpaka miguuni. Akacheka. "Hapa maji yanauzwa, mwanangu. Kila mtu na kiu yake." Nilikwenda sokoni kabla sijafungua khanga, nikarudi na mtungi, nikaujaza kisimani kwa Mama Shija, nikauweka juu ya matofali matatu nje ya mlango wangu na kikombe cha shaba juu ya kifuniko. Mama Shija alisimama mikono kiunoni akinitazama kama anayetazama mwenda wazimu mpole. Mchimbaji mmoja akapunguza mwendo. Aliutazama mtungi, akanitazama mimi, mgeni, mlango mpya, maji ya bure, na nikaona usoni mwake swali ambalo nililijua vizuri sana. Akataka kupita.

"Ngoja," nikamwambia. Nikachota, nikanywa funda moja mbele yake, nikampa kwa mikono miwili.